Tairi Nafuu za Mazda MX-5: Historia ya Saizi na Bei

Mazda MX-5 ilizinduliwa Februari 1989 katika maonyesho ya magari ya Chicago. Ni gari la michezo la viti viwili na paa la kukunja, lililosanifiwa kwa kufuata nyayo za magari madogo ya Uingereza ya miaka ya 1960, hasa Lotus Elan. Bei ya tairi zake tangu hapo imetegemea zaidi magari ya kawaida ya familia yanayotumia saizi ileile.

Magari hayo ya Uingereza yalianza na tairi za nyuzi mtambuka. MGB ya mwaka 1962, kwa mfano, ilitoka kiwandani na saizi 5.60-14. Nyuzi za tairi hizo hupishana kwa mshazari, hivyo gari likilala kwenye kona, ubavu wa tairi huvuta kashata na kuziinua upande mmoja. Michelin ilisajili hataza ya tairi ya radiali mwaka 1946, na mwaka 1949 ikaingiza sokoni Michelin X. Nyuzi zake zilipita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya kashata ukawekwa mkanda wa chuma. Ubavu uliweza kupinda huku kashata zikibaki zimelala barabarani. Kutengeneza radiali kulihitaji mitambo mipya, kwa hiyo mwanzoni zilikuwa ghali. Kadiri magari ya familia ya Ulaya yalivyozikubali, ndivyo zilivyozidi kuwa za kawaida.

MX-5 ya kwanza ilivaa 185/60R14, yaani upana wa milimita 185, ubavu wa asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Volkswagen Golf GTI ya miaka ya 1980 ilitumia saizi hiyo pia. Soko lilikuwa pana, viwanda vingi viliitengeneza, na mwenye gari alichagua bila kuumia mfukoni.

Hali ilibadilika rimu zilipokua. Kizazi cha pili, cha mwaka 1998, kilikuwa na matoleo yenye 195/50R15, na kile cha 2005 kikapanda hadi inchi 16 na 17. Magari ya familia nayo yalipanda, na tairi nzuri za inchi 14 zikapungua madukani. Wamiliki wengi wa gari la kwanza wakahamia rimu za inchi 15. Hesabu inakubali: 185/60R14 ina kipenyo cha milimita 578 hivi, na 195/50R15 ina 576. Spidomita haipotoki kwa kiasi cha kuonekana, wala mvuto wa gia haubadiliki. Gharama ya rimu hulipwa mara moja, na uchaguzi wa tairi hupanuka.

Unafuu una mipaka yake. Herufi H ubavuni huruhusu mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. T huishia 190. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tangu 2012, lebo ya Umoja wa Ulaya huonyesha daraja la mshiko kwenye maji, jambo zito kwa gari jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Tairi zote nne zinapaswa kuwa za aina moja, kwa sababu zile za nyuma zikishika vibaya kuliko za mbele, mkia wa gari huteleza.