Vibao vya Bidhaa Hatari: Njia ya Kobero, Muyinga na Gitega

Malori ya mafuta yanayotoka Dar es Salaam kwenda Burundi huvuka mpaka wa Kabanga, wilayani Ngara, na kuingia Kobero. Yanayokwenda Gitega hupita Muyinga na Karuzi. Njiani lugha hubadilika kutoka Kiswahili na Kiingereza kwenda Kirundi na Kifaransa. Namba za kibao hazibadiliki, kwa sababu zimewekwa na Umoja wa Mataifa.

Alama mbili za lazima kuzijua

1. Mraba uliosimamishwa kwa kona, angalau sm 25 kila upande, ubavuni kote kuwili na nyuma. Mwekundu wenye mwali na namba 3 ni vimiminika vinavyowaka.
2. Kibao cha rangi ya chungwa, mbele na nyuma. Mkataba wa ADR unataka sm 40 kwa 30. Namba ya juu hutaja hatari, ya chini hutaja bidhaa.

Namba za kawaida

- Petroli: 33 / 1203
- Dizeli: 30 / 1202
- Mafuta ya taa: 30 / 1223
- Gesi ya kupikia: 23 / 1965
- Asidi ya betri: 80 / 2796

Tarakimu ikirudiwa, kama 33, hatari ni kubwa zaidi. Tanki lenye vyumba vya petroli na dizeli linaweza kubeba kibao kimoja cha 33 / 1203, yaani cha bidhaa inayowaka upesi zaidi.

Tanki tupu

Hapa ndipo wengi hukosea. Lori likishusha petroli Gitega, mvuke hubaki ndani, na mvuke ndio unaolipuka. Vibao havitolewi mpaka tanki lisafishwe na mvuke uishe. Likishasafishwa, vitolewe au vifunikwe. Kibao cha uongo humpoteza mzimamoto.

Kwa nini ni muhimu

Petroli huelea juu ya maji, hivyo maji matupu huweza kuusambaza moto, linatakiwa povu. Mwenye zimamoto hujua hilo kwa kusoma 1203 akiwa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilianguka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hiihii ya kutoka Dar es Salaam. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 walikufa.

Kabla ya kuondoka

Linganisha namba za vibao na hati za shehena, pangusa tope, na hakikisha dereva na utingo wanajua maana yake.