Simu ya Upepo Katika Nachingwea na Ruangwa



Wengi wetu tunaukumbuka ule waya uliotandazwa kati ya nguzo mbili nje ya ofisi za serikali, na mtu ndani ya chumba akiita: "Ruangwa, Ruangwa, hapa Nachingwea, unanipata? Ova." Ndiyo simu ya upepo, ambayo wengine waliiita redio kolu. Naandika habari zake kwa sababu iliwahi kunipa somo ambalo sikulipata darasani.

Redio ya kawaida husema tu. Wapigania uhuru wa FRELIMO, waliokuwa na kambi yao Nachingwea hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, walikuwa na kipindi chao katika Redio Tanzania Dar es Salaam. Msikilizaji alisikia lakini hakuweza kujibu. Simu ya upepo husema na kusikia, ila kwa zamu: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayeelewa kitu.

Aina zake kubwa ni tatu. HF hutumia mawimbi yanayopanda juu sana angani na kurudishwa chini, hivyo huvuka mamia ya kilometa. Mchana na usiku hutakiwa masafa tofauti. VHF huenda karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiingia kati, hapana budi kuweka mtambo wa kupokezana kileleni. UHF hufaa mjini na ndani ya majengo. Kadhalika ziko za mezani, za kwenye gari na za mkononi. Hizi za mkononi zilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya hapo, mwaka 1929, Alfred Traeger wa Australia alikwisha tengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedeli, ili wakazi wa nyikani wamwite daktari wa ndege. Kwetu Afrika Mashariki, huduma ya madaktari wa ndege ilianzishwa Nairobi mwaka 1957, nayo ikaziunganisha hospitali za mbali kwa redio.

Kusini tuliihitaji mno. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ilifika Nachingwea mwaka 1949, ikafungwa mwaka 1962. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Katika miaka yote hiyo, masika yalipokata barabara, habari ya mgonjwa, ya dawa au ya korosho ilipita hewani.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka 2005 nilikuwa kijana mpya kazini katika ofisi moja mjini Lindi. Asubuhi moja niliachwa peke yangu penye redio. Katikati ya kelele nilisikia: "Mandawa... gesi ya jokofu la chanjo imekwisha." Niliona haya kumwambia aliyeita arudie. Nikajibu, "Nimekupata," nikaandika Mandawa, Kilwa. Mtungi ukapelekwa kaskazini. Kumbe ilikuwa Mandawa ya Ruangwa, upande wa magharibi! Kosa lilipogundulika chanjo zilikwisha haribika, na akina mama waliokuja na watoto migongoni wakarudi mikono mitupu. Mzee aliyekuwa fundi wetu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana, neno 'nimekupata' ni ahadi."

Leo simu za mkononi zimechukua kazi nyingi. Hata hivyo polisi, walinzi, askari wa wanyamapori na wachimbaji madini bado hutumia simu ya upepo, kwa kuwa mmoja akisema kundi zima husikia, na haitegemei minara ya kampuni za simu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika tena. Siku kama hizo chombo cha namna hii si cha kudharauliwa. Aidha, vijana wakumbuke kwamba masafa yana leseni, hutolewa na TCRA.

Ninyi mtakaoshika kazi za umma, msione haya kusema "rudia." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikijua kisemo hicho tangu utotoni, lakini nilikielewa siku ile ya mtungi wa gesi.