Halmashauri za Shule na Hati za Idhini: Habari za Brooklyn na Chicago

Marekani haina desturi ya kuziweka shule zake zote chini ya wizara moja. Tangu mwaka 1647, koloni la Massachusetts lilipoamuru kila mji wenye nyumba 50 umweke mwalimu, mambo ya shule yamekuwa mambo ya mji wenyewe. Na mwaka 1826 sheria ya jimbo hilo iliilazimu miji ichague halmashauri ya shule iliyo mbali na baraza la mji. Desturi hiyo ikaenea katika majimbo mengine kwa sura mbalimbali. Halmashauri hukutana hadharani, nayo hutenga wakati wa kuwasikiliza raia: mzazi huandikisha jina lake, huitwa kwa zamu, husema kwa dakika chache, kisha huketi. Kwa maandishi hii ni haki kubwa. Kwa vitendo imetegemea sana ni nani aliyekaa mezani, na kama wale wanaosema wana uwezo wa kumwondoa.

Katika New York hawakuwa nao. Halmashauri ya mji mzima, yenye watoto zaidi ya milioni moja chini yake, iliteuliwa na meya, nayo ilikaa Brooklyn katika nyumba namba 110 ya barabara ya Livingston. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuhukumu mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule ni kinyume cha katiba. Walakini katika New York miaka kumi ilipita na shule za Weusi na za watu wa Puerto Rico zilizidi kuwa zao peke yao. Tarehe 3 Februari 1964 Milton Galamison, mchungaji wa kanisa la Siloam huko Brooklyn, aliongoza siku ya kususia shule, na watoto zaidi ya 400,000 hawakuhudhuria. Halmashauri haikubadili mwendo wake.

Hapo ndipo dai lilipogeuka. Wazazi waliokuwa wakiomba watoto wao wachanganywe na wengine wakaanza kuomba shule walizo nazo ziwe chini ya mamlaka yao. Mwezi Desemba 1966, katika kikao cha hadhara cha kujadili fedha, mama mmoja alitaka kusema na akakataliwa kwa kuwa jina lake halikuwa katika orodha. Watu wakapiga kelele kwamba aachwe aseme. Wajumbe wakakiahirisha kikao na kuondoka. Na wananchi wakavikalia viti vilivyoachwa, wakajiita Halmashauri ya Shule ya Watu, wakamweka Galamison kuwa mwenyekiti, wakaendelea na mkutano. Walikaa mle siku tatu hata polisi walipowakamata. Ni jambo dogo likipimwa na yaliyofuata, lakini laonyesha chanzo cha ugomvi kuliko hotuba nyingi za baadaye: haki ya kusema ilikuwa na orodha, na orodha ilikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1967 mji ulikubali majaribio ya wilaya tatu, kwa msaada wa fedha za Ford Foundation. Mojawapo ilikuwa Ocean Hill-Brownsville, yenye shule 8. Wakazi walichagua halmashauri yao, mchungaji Herbert Oliver akawa mwenyekiti, na Rhody McCoy akawekwa kuwa msimamizi. Mipaka ya uwezo wao haikuandikwa wazi: je, waweza kuajiri na kufukuza? Tarehe 9 Mei 1968 halmashauri iliwapelekea barua walimu na wasimamizi 19, ikiwaambia kwamba kazi yao katika wilaya ile imekwisha. Hawakuwekewa mashtaka wala hawakusikilizwa kwanza. Ndivyo halmashauri iliyozaliwa na kilio cha mama aliyenyimwa nafasi ya kusema ilivyowanyima wengine nafasi iyo hiyo. Na wale wanaoisifu Ocean Hill-Brownsville kama mapambano ya haki tupu hupita hapo upesi mno. Kesi za walimu zilipoangaliwa na Francis Rivers, jaji mstaafu ambaye naye alikuwa Mmarekani Mweusi, aliona kwamba ushahidi haukutosha.

Chama cha walimu, chini ya Albert Shanker, kiligoma mara tatu kati ya Septemba na Novemba 1968. Walimu zaidi ya 50,000 waliacha kazi, na shule nyingi za mji zilifungwa kwa jumla ya siku 36. Walimu walioondolewa walikuwa Wazungu karibu wote, na wengi wao Wayahudi. Maneno ya chuki yakasikika pande zote mbili, na urafiki wa zamani baina ya Wayahudi na Weusi katika mji ule ukapata jeraha. Mwaka 1969 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kugawanya mji katika wilaya zenye halmashauri za kuchaguliwa, lakini wilaya za majaribio zikafutwa, na uwezo wa kuajiri ukabaki kwa sehemu kubwa mahali pengine.

Mwalimu mmoja wa Ocean Hill-Brownsville, Les Campbell, mtu mrefu wa kimo, hakungoja sheria hiyo izae matunda. Alijitwalia jina la Jitu Weusi, na mapema mwaka 1970, yeye na vijana waliounda jumuiya ya The East, walifungua shule yao wenyewe huko Brooklyn, wakaiita Uhuru Sasa Shule. Kwa wachunguzi wa Kiswahili shule hiyo ni ushahidi wa thamani. Mwanasarufi atataka iwe Jitu Jeusi, na Shule ya Uhuru Sasa, kwa kuwa mpangilio wa jina ni wa Kiingereza uliovikwa maneno ya Kiswahili. Lakini kosa la upatanisho ndilo linaloeleza jinsi lugha ilivyofika: haikuletwa na wasemaji, ilitolewa katika vitabu na kamusi na watu waliotafuta lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya kabila moja. Ni hali ile ile iliyozaa Nguzo Saba na sikukuu ya Kwanzaa, yenye irabu moja zaidi, mwaka 1966.

Uhuru Sasa haikuomba idhini ya halmashauri yoyote, wala haikulipwa na serikali. Iliishi kwa karo za wazazi na mapato ya jumuiya. Hata tamasha kubwa la sanaa za Kiafrika la Brooklyn lilianza mwaka 1971 kama njia ya kuichangia. Ilifungwa katikati ya miaka ya 1980.

Hati ilitoka upande usiotazamiwa. Ray Budde, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikuwa ameandika juu ya kuwapa walimu hati ya kuendesha mafunzo kwa muda uliowekwa, akitoa mfano wa hati aliyopewa baharia Henry Hudson na kampuni ya biashara. (Msomaji wa Afrika ya Mashariki, akikumbuka hati ya Malkia waliyopewa Waingereza wa Kampuni ya I.B.E.A. mwaka 1888, huenda asione mfano huo kuwa wa kutuliza moyo.) Tarehe 31 Machi 1988 Shanker, yule yule wa mgomo, alipendekeza mbele ya waandishi wa habari huko Washington kwamba kundi la walimu liweze kuomba ruhusa ya kuunda shule mpya, nalo lihesabiwe kwa matokeo. Lakini alitaka chama cha walimu kiwe na sauti katika idhini.

Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, ikiruhusu shule 8 tu, kila moja ikubaliwe na halmashauri ya mahali na ya jimbo. Shule ya kwanza kufungua milango, City Academy ya St. Paul, ilianza mwaka 1992. Mara shida ikaonekana: mwenye shule zilizopo ndiye aliyeombwa kumkaribisha mshindani. Mwaka 1993 sheria ikarekebishwa ili aliyekataliwa aweze kukata rufani kwa halmashauri ya jimbo. Shanker mwenyewe aligeuka akaanza kuzipinga alipoona makampuni ya faida yakiingia.

Katika Chicago mshairi Haki Madhubuti na mkewe Safisha, ambaye ni mtaalamu wa elimu ajulikanaye pia kwa jina la Carol Lee, walikuwa na shule yao ya binafsi tangu mwaka 1972, jamaa ya Uhuru Sasa kwa nia na kwa msamiati. Baada ya Illinois kupitisha sheria yake mwaka 1996 waliomba hati, na mwaka 1998 Betty Shabazz International Charter School ilifunguliwa. Wazazi hawakulipa karo tena. Walimu waliendelea kuitwa Mama na Baba. Walakini sasa kulikuwa na mitihani ya jimbo na hesabu za kukaguliwa, na mtoa hati alikuwa halmashauri ya mji, ambayo wajumbe wake walikuwa wakiteuliwa na meya. Mwaka 2024 ndipo wapiga kura wa Chicago walipochagua baadhi yao kwa mara ya kwanza. Kusema kwamba Madhubuti aliuza uhuru wake ni kusahau kwamba Uhuru Sasa, iliyoulinda wake, haikuwapo tena.

New York ilipata sheria mwezi Desemba 1998, na mwaka uliofuata shule yenye jina la Walter Sisulu ilifunguliwa Harlem. Kwa sheria hiyo hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitano, na wilaya hupaswa kuita mkutano wa hadhara ambamo wazazi husema wanataka au hawataki. Lakini mtoa hati aweza kuwa chuo kikuu cha jimbo, ambacho hakichaguliwi na wasemaji wala hakifungwi na maneno yao. Halmashauri za wilaya za mwaka 1969 zilikuwa zimechakaa. Wapiga kura walipungua hata wakawa chini ya moja kwa kumi. Mwaka 2002 meya alipewa mamlaka ya shule, na mwaka 2004 halmashauri hizo zikawekewa badala yake mabaraza ya kutoa mashauri.

Mwaka 2005 chama cha walimu cha New York chenyewe kilipokea hati, kikafungua shule East New York, jirani ya Brownsville. Miaka kumi baadaye kilitangaza kwamba hakitaomba hati ifanywe upya kwa madarasa ya chini na ya kati. Madarasa ya juu yakabaki.