Elimu ya Nyayo

Vijana wengi ninaowaongoza hapa Babati huja wakidhani kwamba skauti ni skafu shingoni, gwaride siku ya sherehe na nyimbo za kambini. Kwa sababu hiyo somo langu la kwanza si fundo la kamba wala saluti. Ni historia, nami huianzia kwenye Mlima Kwaraa, ule unaouona ukiwa mjini.

Mlima huo wenye kimo cha mita 2,415 ndio ulioitwa Ufiome katika maandishi ya zamani. Mwezi Aprili mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali van Deventer, walipita pande hizi wakiwasukuma Wajerumani hadi Kondoa. Masika na maradhi viliwaua farasi wao wengi. Jeshi la namna ile hutanguliza watu wa kusoma nyayo, moshi na vumbi. Hao ndio skauti kwa maana ya awali ya neno: wapelelezi wa vita. Mwaka uliofuata, 1917, skauti wa watoto walianzishwa Tanganyika chini ya Waingereza. Unguja walikuwa wametangulia tangu 1912.

Siku moja, baada ya kuyaeleza hayo, kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono.

“Mwalimu, kama mambo haya yaliletwa na wakoloni, sisi skafu yao tunaivalia nini?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali lilikuwa la haki, na mtoto akiuliza kwa haki hana budi kujibiwa kwa haki.

Niliwaeleza bila kuficha. Robert Baden-Powell, aliyewakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alikuwa askari wa dola ya kikoloni. Mwaka 1896, katika vita dhidi ya Wandebele, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliamuru Chifu Uwini, aliyekuwa mateka, apigwe risasi. Anayesimulia ya Brownsea akayaruka ya Uwini, amefundisha nusu ya somo.

Lakini kuna jambo la pili. Ni katika vita hivyohivyo, kwenye milima ya Matopo, ndipo Baden-Powell alipopevuka katika kazi ya kuisoma nyika, nyika ambayo wenyeji walikuwa wakiisoma siku zote. Tena mafunzo ya viongozi wa skauti yalipoanza Gilwell, Uingereza, mwaka 1919, wahitimu walitunukiwa shanga za mti kutoka katika mkufu ambao yeye mwenyewe alisema aliupata nchi ya Wazulu. Hadi leo kiongozi aliyehitimu huvaa shanga za mfano huo. Hivyo tukivaa skafu, hatuombi cha mtu. Sehemu ya elimu ile ilitoka kwetu Afrika.

Maneno matupu hayatoshi. Nilimwomba mzee mmoja wa Kigorowa, ambaye hajapata kuvaa skafu maishani mwake, atembee nasi kando ya Ziwa Babati. Alisimama penye majani yaliyolala na mfereji mwembamba ndani ya tope.

“Wajukuu zangu, hii ni barabara ya kiboko. Usiku hutoka kula majani, alfajiri hurudi majini. Ukilala hapa, umemzibia njia ya kwake.”

Kisha akauliza ni nani awezaye kuona njia nyingine. Aliyeiona kwanza alikuwa yule kijana wa swali. Kwao ni Wabarbaig, na tangu udogoni amefuata nyayo za ng’ombe waliopotea. Shuleni hakuwa amelisema hata mara moja, kwa kuwa hakuna mtihani uliopata kumuuliza. Siku hiyo wenzake, watoto wa mjini, walimfuata nyuma kama mwalimu wao. Mahema tuliyapiga juu, mbali na maji.

Jambo hili linanitia wasiwasi. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, mji umepanuka, na watoto wengi wanakua bila kufuata mnyama wala kupanda Kwaraa. Wazee wanaojua nao wanapungua. Tukiwaachia vitabu peke yake kazi hii, kijana atajifunza porini mwa kwao kama mgeni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe unayeongoza vijana popote ulipo, mtafute mzee wa mahali pako angali na nguvu za kutembea. Mpe nafasi ya mwalimu, nawe ukae chini na watoto. Sisi skauti huambiana “Uwe tayari”. Kwa kijana wa Babati, kuwa tayari ni pamoja na kujua kwamba ardhi hii ilikuwa na wasomaji wake kabla neno skauti halijafika.