Karakana ya Kwanza ya Wavuti
Mwishoni mwa mwaka 1990, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, Tim Berners-Lee aliitumia kompyuta moja aina ya NeXT kuandikia programu za Wavuti na kuwagawia wasomaji kurasa zake. Karakana na duka vilikaa chini ya paa moja. Ndiyo maana ilibandikwa onyo la wino mwekundu kwamba isizimwe: kuizima kulikuwa kuizima Wavuti nzima. Utengano ulikuja baadaye. Mradi wa Apache Friends, ulioanza 2002, ulikusanya Apache, MySQL na PHP katika furushi moja, XAMPP; mjenzi akajaribu kazi yake faraghani, kwenye anwani 127.0.0.1. Hata hivyo, kilichotengemaa nyumbani kiliharibika mara nyingi ugenini, matoleo ya programu yakitofautiana. Docker, iliyotokea 2013, iliifunga programu pamoja na mahitaji yake, isafiri navyo.