Mahakama ya Wanawake Chini ya Mlima Hanang

Mume wa Kibarabaig aliyempiga mkewe aliyetoka kujifungua hakupelekwa kwa wazee wa kiume. Aliitwa na wanawake. Baraza lao, girgwageda gademga, lilikaa, likapima kosa, likatoza faini, mara nyingi dume jeusi la ng'ombe. Aliyegoma kulipa aliikabili laana ya akina mama, na laana hiyo iliogopwa hata na wenye mazizi makubwa.

Mwanaanthropolojia Mmarekani George Klima aliishi na Wabarabaig wa Hanang, kaskazini mwa Tanzania, miaka ya 1950, akaandika juu ya baraza hilo katika jarida la Africa mwaka 1964, kisha katika kitabu mwaka 1970. Hii ilikuwa jamii ambayo wanaume ndio walioonekana kushika kila kitu, mifugo na mikutano. Kumbe lilikuwapo eneo zima la sheria ambalo mwanamume aliingia kama mshtakiwa tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilipokataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, bibi wa Kibarabaig hakuwa anasikia jambo geni.

Lakini kinga ile ilimfuata mtu kulingana na nafasi yake: mke, mama, mzazi. Asiye na nafasi alipata taabu. Kwa jirani zao Wairaqw wa Mbulu, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliingia kwenye metimani, hali ya kutengwa kwa kuogopa unajisi. Alifukuzwa nyumbani, akajifungulia mbali na kwao. Baadhi walipokelewa na Wadatoga, kundi ambalo Wabarabaig wenye baraza la wanawake ni tawi lake. Ukatili na ukarimu vilipakana hivyo, mwendo wa miguu tu.

Kinga ya Katiba haikupaswa kungoja nafasi: mwaka 2000 neno jinsia liliongezwa kwenye ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania, miongoni mwa misingi ambayo mtu hatakiwi kubaguliwa kwayo. Je, anayeishi kwa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa, yumo?

Nairobi, nchini Kenya, swali la namna hiyo lilifika mahakamani. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la Andrew, akafaulu vizuri sana, lakini cheti chake kikawa kikwazo kwa kuwa jina na jinsia havikulingana na mtu aliyekishika. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti kingine chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Mwaka huo huo mahakama iliagiza shirika la Mbugua la kutetea watu waliobadili jinsia lisajiliwe.

Mhitimu wa Katesh au Haydom, miji ya huko Hanang na Mbulu, mwenye hali kama ya Mbugua hana hukumu ya kuishika mkononi. Sheria za Tanzania hazijaweka utaratibu wa kubadili jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa, na maombi ya kitambulisho cha taifa, ajira na akaunti ya benki huanzia kwenye karatasi za namna hiyo.