Sukari ya Bi Harusi Haikutoka kwa Cleopatra

Msimu wa harusi umeingia, na kila nikifungua simu nakuta kikopo cha sukari ya kutolea malaika kinauzwa kwa bei ya doti ya khanga, na maneno ni yale yale: "siri ya urembo ya Malkia Cleopatra". Mabinti wananunua. Ndani ya kikopo mna karameli tu, shoga zangu. Sukari, maji na ndimu.

Na huyo malkia asisingiziwe. Cleopatra alifariki mwaka 30 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wakati Misri haikuwa na mashamba ya miwa. Muwa asili yake ni Guinea Mpya. Wahindi ndio waliojua kuyageuza maji yake kuwa chembe, elimu ikapita Uajemi, na miwa ikapandwa kandokando ya Nile baada ya Waislamu kuifungua Misri katika karne ya 7. Kama Cleopatra alijitoa malaika kwa kitu kitamu, basi kilikuwa asali.

Kuna na hadithi nyingine, kwamba neno karameli ni la Kiarabu, "kurat milh". Anayejua Kiarabu kidogo atacheka, maana hayo ni "tonge la chumvi"! Kamusi nyingi za Ulaya hulirudisha neno hilo kwenye Kilatini, kwenye majina ya tete na muwa.

Ushahidi tulionao ni mtamu kuliko hizo hadithi. Mwaka 1226, Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi kule Baghdad, na humo mna halua kavu: sukari inachemshwa hadi ishike, inamwagwa juu ya jiwe laini, kisha inatundikwa kwenye msumari ukutani na kuvutwa kwa mikono, tena na tena, mpaka iwe nyeupe. Mliokula gubiti mkitoka chuoni mmeshaitambua! Na wanawake wa Misri hadi leo huiita sukari ya kutolea malaika "halawa", jina lile lile la kitamu cha kula. Sufuria moja, kazi mbili.

Siri yenyewe iko kwenye ndimu. Sukari tupu ikichemka na kupoa hurudi kuwa chembe. Ukali wa ndimu huivunja kuwa sukari mbili nyepesi zinazozuia chembe kujijenga, ndiyo maana inabaki laini na ya kuvutika. Ukiiacha sukari kavu motoni ifike kama nyuzi joto 160, hapo ndipo inapogeuka karameli hasa, ile ya pudini, yenye rangi ya kahawia na uchungu kwa mbali. Ya mwilini haifiki huko. Iepue ikiwa na rangi ya asali.

Nasisitiza kwa sababu yametufika. Usiku wa kuamkia nikahi ya mtoto wa dada yangu, mimi nilikuwa jikoni na simu sikioni. Sufuria ya kwanza iliungua ikawa nyeusi. Ya pili tuliiharakisha, hatukuipima, na bi harusi akaungua mkono, alama ya ukubwa wa shilingi. Asubuhi somo wake alipoanza kumsinga, liwa ikamwasha mwili mzima, kwani ngozi ilikuwa mbichi bado. Alikaa kwenye mkeka machozi yanamtoka, na wageni wakadhani analilia kuondoka kwao.

Kwa hiyo fanyeni siku mbili au tatu kabla ya singo. Vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji, robo ya ndimu, moto mdogo. Ipoe mpaka uweze kuishika kwa vidole, kisha ijaribu kwanza kwenye kiganja chako wewe unayepika.

Kwapa na sehemu za siri zimo katika yale mambo matano ya fitra aliyoyataja Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Hurayra, na kwa Anas tumepokea kwamba yasipitishwe siku arubaini. Sehemu za siri bi harusi ajifanyie mwenyewe, mlango umefungwa. Nyusi ziacheni. Ikidondoka sakafuni msikwangue, maji ya moto yanaitoa yote.